Magunia manne hayanyanyuki: usikaze rilifu, pima kwanza

Swali limetoka kwa mdogo wangu mmoja wa Makambako, nalifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Nimenunua trekta dogo la Kijapani used, HP 24, lina kijiko cha mbele. Kwenye karatasi aliyonipa muuzaji imeandikwa uwezo wa kunyanyua 1,100. Nikatoa kijiko nikafunga uma kama wa folklifti nipakie mahindi kwenye kenta. Magunia manne hata hayatoki chini, trekta linalia kwiii basi. Magunia matatu yanafika magotini afu yanagoma, na juzi nikiwa na hayo matatu nakata kona kwenye kamteremko tairi la nyuma likanyanyuka nikaruka. Fundi wa hapa anasema pampu imechoka, ila kwa sasa tukaze bolti ya rilifu au tuweke washa (vile vipete vya chuma) ndani litapata nguvu. Nimruhusu?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuruka, afadhali umeruka wewe kuliko lingeruka trekta. Jibu fupi: usimruhusu. Bado. Hiyo bolti ya rilifu (valvu inayofunguka kuachia oili presha ikizidi) isiguswe na mtu yeyote mpaka geji ya presha ifungwe tusome namba, na nikuambie tu mapema kwa jinsi ulivoeleza mi sioni pampu iliyochoka, naona trekta zima linalofanya kazi yake vizuri kabisa afu linadaiwa kitu ambacho halikuwahi kuahidi.

Tuanze na hiyo 1,100 maana ndo chanzo cha ugomvi wote. Hizo ni paundi, sio kilo. Karatasi nyingi za vijiko vya matrekta madogo zinaandikwa kwa soko la Marekani, na huko uzito wanauhesabu kwa paundi, paundi moja ni kilo 0.45 na kidogo, kwahiyo 1,100 yako ni kilo 499. Kuna kijiko cha Kubota kinaitwa LA525, kinafungwa kwenye matrekta yao ya L yenye nguvu kuzidi hilo lako, chenyewe kinaandikwa paundi 1,131, yaani kilo 513, sasa ukikutana na dalali anakwambia trekta la HP 24 linanyanyua tani na zaidi ujue ama hajui kusoma ama anajua sana.

Najua unachowaza, "sawa fundi, kilo 499, na magunia manne ni kilo 400, mbona bado". Hapo kuna mambo mawili na yote yanauma.

La kwanza ni gunia lenyewe. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, wewe na mi tunajua mahindi yanavyofungwa huko shambani, kile kilemba cha juu kimeshonwa kwa kamba mpaka gunia linafanana na mjamzito. Lumbesa. Kabla hujanijibu kapime moja kwenye mzani wa mnunuzi, mi nitashangaa likiwa chini ya 115. Nachukua 120 kwenye hesabu zangu zote hapa chini, ukipima ukakuta tofauti badilisha. Manne kwa 120 ni 480, weka na paleti ya mbao kilo 20, hapo uko 500 tayari, na ule uma wenyewe ni chuma, nao unabebwa.

La pili ndo kubwa zaidi na ndo watu karibu wote hawalijui, hata mafundi. Ile namba ya kwenye karatasi inapimwa PALE KWENYE PINI. Yani zile pini mbili za chini zinazoshika kijiko kwenye ncha ya mikono. Mtengenezaji anachukulia kama uzito wote unaning'inia palepale kwenye pini, utafikiri umefunga mnyororo ukaning'iniza injini. Wewe mzigo wako hauko kwenye pini. Kijiko kikijaa mchanga uzito wake unakaa kama nusu mita mbele ya pini, ndo maana karatasi za wenye adabu zinakuwa na namba mbili, ya kwenye pini na ya milimita 500 mbele ya pini, na hiyo ya pili siku zote ni ndogo. Ya pili ndo ya kuamini. Muuzaji atakuonyesha ya kwanza.

Na uma ni mbaya kuliko kijiko! Kisigino cha uma kiko kama sentimita 20 mbele ya pini, afu paleti inakaa juu yake, katikati ya paleti ni sentimita 60 tena mbele. Kwahiyo mzigo wako uko sentimita 80 mbele ya mahali palipopimwa. Chukua futi kamba ukapime mwenyewe kama hunisadiki.

Sasa hesabu yake ni ya wenzo tu, ile ya kubebea ndoo na mti begani. Mikono ya kijiko inazunguka kwenye pini ya nyuma, ile iliyoko karibu na usukani. Tuseme kutoka hapo mpaka pini ya mbele ni sentimita 160 (ya kwako pima, mi nakadiria kwa matrekta ya saizi hiyo). Kilo 499 kwa 160, ukisogeza mzigo ukawa kwenye 240, yani 160 na zile 80, unapata 499 mara 160 gawa kwa 240, inakuja 333. Toa ule uzito ambao uma unazidi kijiko kilichotoka, tuseme 30. Toa paleti 20. Umebaki na kilo 280 hivi.

Magunia mawili. Ndo uwezo wako wa kupakia kenta, lumbesa mbili, na la tatu ni dhambi.

Utaniuliza mbona matatu yanatoka chini yanafika magotini. Swali zuri na jibu lake liko kwenye jeki, yani lile bomba la haidroliki linalosukuma mkono wa kijiko. Nenda kasimame ubavuni mwa trekta kijiko kikiwa chini kabisa, angalia jeki kubwa ya mkono imelala vipi, afu vuta macho mstari ulionyooka kupita katikati ya jeki, uone huo mstari unapita umbali gani kutoka pini ya nyuma ya mkono. Huo umbali ndo wenzo wa jeki. Mkono ukiwa chini umbali ni mkubwa, mkono ukipanda jeki inabadilisha pembe na ule umbali unapungua, jeki inasukuma kwa nguvu ileile lakini inasukuma "vibaya", karibu na bawaba, kama mtu anayefungua mlango kwa kusukuma kwenye bawaba badala ya kwenye kitasa. Ndo maana kijiko kina nguvu chini na kinalegea juu, na namba ya heshima ni ile ya kunyanyua mpaka juu kabisa. Nyingine ya "nguvu ya kung'oa" ni ya chini kabisa kwenye usawa wa ardhi, hiyo ni ya kuchimbua kifusi sio ya kupakia gari.

Nikupe na namba uone jinsi inavyotoka, maana fundi wako akisikia namba labda atapunguza speed. Jeki za matrekta hayo ukubwa wa ndani mara nyingi ni milimita 40 au 50, tuchukue 40. Eneo la pistoni ni sentimita za mraba 12.6. Presha ya bar moja ni kama kilo moja kwenye kila sentimita ya mraba, rahisi kukumbuka. Rilifu ikiwa imewekwa bar 140 jeki moja inasukuma kama kilo 1,800. Mbili 3,600. Tani tatu na nusu na zaidi kidogo, umeona, kwenye kitrekta cha kulimia bustani! Lakini jeki inasukuma karibu na bawaba na mzigo uko mbali, kwahiyo wenzo unakula. Chini, wenzo wa jeki ukiwa sentimita 36, unapata 3,600 mara 36 gawa 160, ni 810 kwenye pini, toa uzito wa mikono na kijiko chenyewe kama 150, unabaki na 660. Juu, wenzo ukishuka mpaka 29, inakuja 652 toa 150, unabaki na 502. Si ndo ile ile ya karatasi. Chukua hiyo 660 ya chini uisogeze mpaka kwenye uma wako, inakuwa 440, toa 30 toa 20, ni 390, na magunia yako matatu ni 360. Yanatoka chini, yakifika magotini uwezo umeshapungua yanagoma. Manne ni 480, hayatoki. Trekta lako limejieleza vizuri kuliko fundi.

Na hiyo kwiii unayosikia ndo rilifu yenyewe. Watu wanaisikia wanadhani ni kilio cha pampu inayokufa. Pampu haitengenezi presha, pampu inasukuma oili tu, presha inatokana na mzigo kukataa. Mzigo ukikataa presha inapanda, inapanda, ikifika kikomo rilifu inafunguka inarudisha oili kwenye tenki ili kitu kisipasuke, na oili ikipita kwenye katundu kadogo kwa nguvu ndo inalia. Kwahiyo ukisikia kwiii na injini inazama kidogo maana yake pampu imeweza kufikisha presha mpaka kikomo, na pampu iliyochoka kweli kwa kawaida haifiki huko. Ingekuwa pampu imekufa ungesukuma leva, mikono ingekaa kimya, injini ingeendelea kuunguruma kama haijaambiwa kitu. Kuna uwezekano mdogo kwamba springi ya rilifu imelegea kwa uzee inafunguka mapema, ndo maana nasema geji.

Hapa niseme kitu ambacho kingewaokolea watu hela nyingi sana kwenye spea: tofautisha POLEPOLE na DHAIFU. Kijiko kinapanda polepole lakini kinabeba mzigo wake, tatizo ni wingi wa oili, angalia RPM kwanza, yani mizunguko ya injini kwa dakika (jeki mbili za milimita 40 zenye mwendo wa sentimita 40 zinakula kama lita moja ya oili kupanda mpaka juu, pampu ya lita 20 kwa dakika inaijaza kwa sekunde tatu, ila ukiwa saileni, injini haijaongezwa mafuta, RPM 900 badala ya 2,500 unasubiri sekunde nane na zaidi, sio ugonjwa huo), afu filta ya kunyonya, afu ndo pampu. Kijiko kinapanda kwa kasi nzuri kikiwa kitupu lakini kikipewa mzigo wa halali kinagoma, hapo tatizo ni presha. Kuna ya tatu, asubuhi kinabeba saa sita kimegoma, oili ikipata moto inakuwa nyepesi inavuja ndani kwa ndani kwenye pampu iliyolika, huyo ndo mgonjwa wa kweli wa pampu, ila kabla ya kununua pampu uliza ni oili gani imewekwa humo. Nimekuta matrekta haya yamejazwa oili ya injini, nimekuta yamejazwa ya difu nzito kama asali ya masika, trekta la hivi oili ya gia na ya haidroliki ni hiyohiyo moja inayozunguka kote na ina aina yake, imeandikwa kwenye kitabu, usiache mtu akajaza kilichobaki dukani.

Turudi kwenye washa. Nitakwambia kwanini nina uchungu nayo. Miaka hiyo mi bado kijana niko karakana moja Morogoro, akaja mzee na kitrekta kama chako tu anabeba mchanga wa mtoni, mchanga uliolowa, na huo ujue ukilowa ni karibu kilo 1,900 kwa mita moja ya ujazo, kijiko kidogo cha robo mita hiyo ni kilo 475 kabla hujahesabu kijiko. Analalamika hakinyanyui. Nikafungua rilifu nikaweka washa mbili nyuma ya springi, nikarudisha, kikanyanyua! Tukanunuliwa soda, nikajiona injinia. Wiki ya tatu mzee akarudi, trekta limeburutwa. Oili inamwagika chini ya miguu ya dereva kama chai. Tukaosha na dizeli ndo nikaona ufa, mwembamba kama unywele, umeanza kwenye tundu la bolti inayoshika fremu ya kijiko ukateremka mpaka chini ya nyumba ya klachi. Haya matrekta madogo hayana chesesi kama gari, mifupa yake ni injini, nyumba ya klachi na gia boksi vilivyofungwa pamoja, na fremu ya kijiko imeng'ang'ania humohumo. Ukiongeza presha haupi nguvu kijiko peke yake, unaongeza mvuto kwenye kila bolti na kila chuma cha kuyeyusha kilichoshika hiyo fremu. Springi yenyewe ilikuwa imebanwa hadi coil zinagusana, yani rilifu ilikuwa haiwezi kufunguka tena kabisa. Sikuwa nimepima chochote. Washa mbili kwa sababu mfukoni nilikuwa nazo mbili.

Na unajua ungepata nini kwa kukaza? Tuseme fundi wako ana bahati anatoa 140 anaweka 160. Ile 652 ya juu inakuwa 745, toa 150 unapata 595, umeongeza kilo 93 kwenye pini. Sogeza kwenye uma wako zinabaki 62. Nusu gunia. Unahatarisha pampu, mipira, jeki na mifupa ya trekta kwa nusu gunia la mahindi.

Afu hata kama jeki zingeweza, trekta halingeweza. Hili la tairi kunyanyuka umeliandika mwishoni kama nyongeza, kumbe ndo lilitakiwa kuwa swali. Trekta la saizi hiyo pamoja na kijiko lina kama kilo 1,000, tuseme nyuma limekalia kilo 450. Kati ya ekseli na ekseli ni sentimita 150. Magunia yako kwenye uma yako kama sentimita 140 mbele ya ekseli ya mbele. Ni pembea ya watoto, ekseli ya mbele ndo katikati. Magunia matatu na paleti, kilo 380 mara 140 gawa 150, unaondoa kilo 355 kwenye matairi ya nyuma. Yalikuwa na 450, yamebaki na 95. Kilo 95 kwa matairi mawili makubwa! Ungefanikiwa kunyanyua manne ungeondoa 467, matairi ya nyuma yangekuwa hewani hapohapo. Hiyo rilifu unayotaka kuikaza ndo imekulinda.

Na zile 355 haziendi mbinguni, zinahamia mbele. Kwahiyo ekseli ya mbele imebeba 380 za mzigo pamoja na 355, ni 735 juu ya uzito wake wa kawaida. Ekseli za mbele za matrekta haya ya 4WD zina gia ndogo ndani na sili zake, ukiona oili inatoka kwenye nundu za magurudumu ya mbele ujue ni hilo.

Kuna vitu viwili zaidi kuhusu matairi ya nyuma ambavyo nataka uvibebe kichwani. Moja, breki. Karibu matrekta yote madogo breki ziko nyuma tu. Tairi la nyuma likiwa jepesi unakanyaga breki linaburuzika na trekta linaendelea na safari, ndo maana kwenye mteremko na mzigo mbele weka 4WD hata kama ardhi ni kavu, ili breki ya nyuma ishike na mbele kupitia shafti, na shuka kwa gia ndogo usikanyage klachi. Mbili, ekseli ya mbele imening'inia kwenye pini moja katikati ili ipande na kushuka kufuata ardhi, kwahiyo trekta kwa kweli limesimama kwenye pointi tatu sio nne, matairi mawili ya nyuma na hiyo pini. Nyuma pakiwa pepesi na mzigo uko juu, kona moja na shimo moja linalala ubavu kabla hujasema mama. Mzigo ukitembea nao uwe chini, usawa wa magoti au chini ya hapo, unaupandisha ukishafika kwenye kenta, ukiwa umesimama sehemu tambarare. Kama lina ile roli ya chuma nyuma ya kiti na mkanda, funga mkanda. Kama halina roli, usiruke tena, nenda polepole na beba kidogo.

Dawa yake ni uzito wa nyuma na sio ghali. Chukua pipa la lita 200, jaza zege mpaka nusu, lita 100 za zege ni kama kilo 240, tumbukiza chuma cha kulifunga kwenye mikono mitatu ya nyuma kabla halijakauka. Likining'inia sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma linaweka kilo 384 kwenye matairi ya nyuma na LINATOA 144 kwenye ekseli ya mbele, pembea imegeuka inakusaidia. Maji kwenye matairi ya nyuma nayo mazuri, robo tatu ya tairi, yanaongeza uzito chini kabisa, ila hayapunguzii ekseli ya mbele hata kilo moja maana yako juu ya ekseli yenyewe, sio nyuma yake. Kama una rotaveta ifunge tu nyuma na uinyanyue, nayo ni uzito, wengi wanaiacha bandani wakati ndo ingewasaidia.

Sasa kipimo. Kabla hujalipa fundi fanya hiki cha saruji, ni cha bure kama una jirani anajenga. Rudisha kijiko, toa uma. Mfuko wa saruji ni kilo 50 na huo hauna lumbesa. Weka pipa au rotaveta nyuma, sehemu tambarare, watu wakae mbali na hakuna mtu chini ya mikono hata kwa utani. Panga mifuko imeegemea ukuta wa nyuma wa kijiko, uzito utakuwa kama nusu mita mbele ya pini. Kwa karatasi yako uwezo hapo ni 499 mara 160 gawa 210, kama 380. Panga saba, ni 350. Injini RPM ya kazi, oili ikiwa imeshapata moto, pandisha taratibu. Ikifika juu na saba, haidroliki yako haina ugonjwa, mwambie fundi akanywe chai. Ikigoma na tano, hapo tuna kazi.

Ikigoma ndo geji. Ya mpaka bar 250, inafungwa kwenye mpira wa upande wa kunyanyua kwa kiunganishi cha T. Injini juu, sukuma mikono mpaka mwisho wa jeki, shikilia sekunde tatu nne tu usome, achia, usikae hapo unachemsha oili. Linganisha na kitabu. Angalia kitabu kinatumia nini, vya Kijapani vya zamani vinaandika kilo kwa sentimita ya mraba, 150 ya hiyo ni bar 147 au PSI (paundi kwa inchi ya mraba) 2,130 hivi, usije ukakaza kumbe ni kipimo tu kimekuchanganya. Geji ikiwa chini anza na vya bei rahisi: kiwango cha oili, filta ya kunyonya, oili yenye povu kama maziwa (inanyonya hewa kwenye mpira au klipu iliyolegea kabla ya pampu), uchafu kwenye kiti cha rilifu yenyewe, ifungue uioshe. Pampu ni ya mwisho. Na ikibidi rilifu irekebishwe mpaka kiwango cha KITABU, inarekebishwa geji ikiwa imefungwa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hapo sina shida na fundi wako.

Atakwambia pia sili za jeki zimekufa kwasababu mikono inashuka yenyewe ukizima. Mara nyingi ni valvu ya leva inayopitisha kidogo kidogo, ndo ilivyo, karibu zote zinashuka taratibu, ndo maana kijiko kinashushwa chini ukipaki. Na akitafuta mvujo asipapase na mkono, oili ya bar 140 inatoboa ngozi kama sindano na inaingia ndani, apitishe kipande cha boksi.

Kwahiyo kesho pima gunia moja, pakia mawili mawili, uma uinamishe nyuma kidogo na paleti iguse kabisa kisigino maana kila sentimita unayorudisha ni kilo unazopata. Utapiga trip mara mbili zaidi ya ulivopanga, ndo hivo. Zege ikikauka na saruji saba zikipanda au zikigoma niandikie, niambie na namba iliyoko kwenye kitabu, na umbali wa pini kwa pini ulioupima wewe, sio wangu wa kukadiria.